Donge la kioo limepasuka, lina viputo au limefifia: tafuta chanzo hapa

Kigandamizo cha karatasi cha kioo ni donge zito lenye kipenyo cha sentimita 6 hadi 8, juu kuba, chini bapa, na ndani yake kuna maua, vijiti vya rangi au viputo vilivyopangwa. Fundi anayeanza hukikimbilia kwa sababu hakipulizwi, akidhani ni kazi nyepesi kuliko bilauri. Kumbe bilauri yenye ukuta wa milimita 3 humvumilia. Ikipozwa ovyo kidogo, itatumika miaka yote. Donge la milimita 70 halivumilii chochote. Kasoro nyingi mtakazosoma hapa zimezaliwa na unene huo, na karibu zote zilizobaki zimetokana na uchafu au hewa iliyoingia pasipotakiwa.

Nimepanga kwa dalili, kwa kuwa ndiyo mtu anayoiona kwanza. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia. Jaribu ukaguzi usio na gharama kabla ya kugusa tanuru, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu, hutajua kipi kilichokuponya.

Kioo ninachokizungumzia ni kile cha kawaida cha mchanga wa silika, magadi na chokaa: ama kimenunuliwa tayari kwa ajili ya karakana, ama ni vioo chakavu vya madirisha na chupa, kama vinavyotumika kwenye karakana za Kitengela nje ya Nairobi na Shanga kule Arusha. Sehemu ya mwisho ni ya wale ambao hawana tanuru, ila wana donge mezani na limeanza kuwasumbua.

Dalili ya 1: Limepasuka

Usitupe vipande. Vioshe, vikaushe, uvitazame mwangani kwa lenzi. Kingo zikiwa zimelainika na kuviringana, ufa ulitokea donge likiwa bado la moto sana, kabla au mara tu baada ya kuingia oveni ya kupozea. Kingo zikiwa kali za kukata mkono, lilipasuka likipoa au baada ya kutoka. Kisha fuata ufa ulikoanzia: je, umezunguka rangi, umetoka kwenye nukta moja, au umekata katikati bila kujali chochote?

*Lilipozwa haraka.* Hii ndiyo sababu ya kwanza, na ya pili iko mbali nyuma yake. Kioo kikipoa, uso hutangulia kuganda ilhali kiini bado ni cha moto, sawa na uji uliofanya utando juu huku chini ukiunguza ulimi. Kiini nacho kikija kupoa kinataka kusinyaa, lakini ganda la nje limeshakataa. Hapo ndipo mkazo unapofungiwa ndani. Donge laweza kukaa na mkazo huo wiki tatu likiwa zima kabisa kwa macho, halafu likapasuka usiku hakuna aliyeligusa. Wateja husema “limepasuka lenyewe”, na wanasema kweli.

Dawa ni kulishikilia kwenye joto ambalo mkazo unaweza kuyeyuka, kisha kulishusha polepole. Kwa vioo vya madirisha joto hilo liko karibu na nyuzi 530 hadi 550 za Selsiasi. Kwa vioo vingi vinavyouzwa kwa karakana ni karibu na 480 hadi 500. Fuata namba ya anayekuuzia kioo. Tatizo kubwa huwa ni muda. Muda haukui sambamba na unene: unene ukizidishwa mara mbili, muda unazidishwa mara nne hivi. Majedwali ya wanaoyeyushia kioo kwenye kalibu huipa sahani yenye unene wa milimita 25 nusu siku na zaidi kidogo tangu kushikilia hadi kupoa, na ile ya milimita 50 karibu siku mbili. Tufe linalopoa pande zote huvumilia muda mfupi kuliko sahani, lakini aliyezoea kupoza bilauri kwa usiku mmoja asitegemee usiku huohuo kwa donge. Kioo cha darubini ya Palomar, chenye kipenyo cha mita 5, kilimiminwa Corning, Marekani, mwaka 1934 na kikapozwa kwa takriban miezi 10. Wewe huhitaji miezi, ila sheria iliyowabana wao ndiyo inayokubana wewe.

Ukaguzi wa bure: fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta ya LCD, vaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi, kisha izungushe mpaka skrini ionekane nyeusi. Weka donge kati ya skrini na miwani. Kioo kilichopozwa vizuri hubaki cheusi. Kikitokea na mabaka meupe au msalaba unaong'aa, mkazo upo. Kwa kuwa kuba linapinda mwanga, matokeo yatakuwa safi zaidi ukilitumbukiza donge kwenye maji ndani ya chombo cha kioo chenye kuta bapa. Chombo cha plastiki hakifai. Plastiki yenyewe ina mkazo na itakudanganya.

Ukiona mabaka, kagua haya kwa mpangilio huu:

- Ncha ya themokapo (kipima joto cha oveni) iko wapi? Ikiwa imegusa waya wa joto au imejificha kwenye kona, namba unayoisoma si joto la donge. Themokapo za muda mrefu pia huanza kupotoka, kwa hiyo linganisha na mpya.
- Mlango ulifunguliwa mara ngapi? Madonge ya asubuhi yaliyowekwa karibu na mlango hupigwa na hewa baridi kila unapoingiza jingine.
- Umeme ulikatika? Vidhibiti vingine havirudii ratiba vyenyewe umeme ukirudi, au huanza hatua ya kushuka palepale ulipokatikia. Soma kitabu cha kidhibiti chako leo, kabla ya kukatika kwingine. Ukikatika, usifungue mlango “kuangalia”. Umeme ukirudi, ikiwa ndani bado kuna joto, panda polepole mpaka joto la kushikilia, uanze muda wote upya tangu mwanzo.

Donge lenye mkazo ambalo bado halijapasuka linaweza kuokolewa. Liweke kwenye oveni baridi, panda kwa nyuzi 10 hadi 20 kwa saa, lishikilie muda mrefu kuliko mwanzo, shuka taratibu. Zoezi hilo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo amua kwanza kama donge linastahili umeme huo.

Acha hapo: donge lililokwisha kuonyesha ufa, hata mdogo wa nusu sentimita, usilirudishe motoni wala usilipeleke kwenye gurudumu la kusaga. Linaweza kuachia kwa nguvu. Vaa miwani ya kazi, lifunge kwa kitambaa kizito, litupe.

*Liliingia oveni likiwa limepoa nje.* Utaona nyufa fupi nyingi juu juu, au ufa mmoja shingoni lilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma ya kuchotea kioo. Mara nyingi fundi alihangaika na mkasi, akatia tone la maji shingoni, tone likateremka. Kabla ya kulikata, lirudishe kwenye tundu la kupashia moto kwa sekunde chache, ulizungushe lote lipate joto moja, kisha likate na kuliingiza bila hadithi. Msaidizi awe amesimama na glavu mkononi na mlango uwe tayari kufunguliwa. Donge linalosubiri glavu zitafutwe limeshaharibika.

*Rangi na kioo havipatani.* Ufa unafuata mpaka wa rangi, au umezunguka ua lote kama ganda. Kila kioo kina namba yake ya kutanuka. Vioo vingi vya karakana ni 96, vijiti vingi vya Murano vya kufanyia kazi kwa kichomeo ni 104, kioo cha dirisha kiko karibu na 85, na kile cha maabara kisichoogopa moto ni 33. Ukichanganya 104 ndani ya 96, vitasinyaa kwa viwango tofauti na kuvutana maisha yao yote. Namba zikilingana si hakikisho kamili, lakini zikitofautiana sana usijaribu kabisa.

Jaribio la uzi ni rahisi: shika kipande cha kila kioo, viyeyushe vikiwa bega kwa bega mpaka vishikane, vuta uzi mwembamba, uache upoe. Uzi ukibaki wima, una matumaini. Ukijikunja, upande wa ndani wa mkunjo ndio unaosinyaa zaidi, na vioo hivyo havioani. Hakuna ratiba ya kupoza inayotibu hali hii. Kila mwezi kuna mtu anayeuliza “nikipoza siku tano je?” Jibu ni lilelile: utapata donge litakalopasuka siku ya sita.

*Kuna jiwe ndani.* Ufa unatoka kwenye nukta nyeupe au ya kijivu, pengine una umbo la nyota. Nukta hiyo yaweza kuwa kipande cha chungu cha tanuru, kigae kilichochanganyika na chupa, au bakuli la jikoni lisiloogopa moto lililotupwa humo kimakosa. Kwa wanaoyeyusha chupa yupo mkosaji mwingine wasiyemshuku: pete ya alumini inayobaki shingoni mwa chupa. Ikiyeyuka, alumini hunyang'anya silika oksijeni yake na kuacha vishanga vidogo vya silikoni, vigumu na vyenye kung'aa, ambavyo huvunja kioo kinachovizunguka. Toa pete zote kwa koleo na uoshe chupa kabla ya kuzivunja. Ikiwa mawe yanaongezeka wiki hadi wiki na chupa zako ni safi, chungu chenyewe kinaliwa. Muite fundi wa matanuru kabla hakijatoboka na kumwaga kioo cha moto juu ya vichomeo.

Dalili ya 2: Viputo visivyoalikwa

Si kila kiputo ni kasoro. Mafundi hutoboa kioo laini kwa sindano, wakafunika kwa tabaka jingine, na hewa iliyonaswa ikawa tone la umande juu ya ua. Tunaowatafuta hapa ni wale waliokuja bila kuitwa, na ukubwa wao ndio unaotoa jibu.

Kiputo kimoja kikubwa, au utando wa hewa uliolala kati ya mchoro (maua au vijiti vya ndani) na kioo cha juu, maana yake hewa ilifungiwa wakati wa kufunika. Kwanza angalia namna unavyochota. Ukitumbukiza fimbo moja kwa moja, kioo hufunika kingo zote kwa mpigo na hewa ya katikati haina njia. Ingia kwa pembe, upande mmoja ugusane kwanza, ukizungusha taratibu ili kioo kisukume hewa mbele yake. Pili, angalia mchoro wenyewe: vijiti vyenye urefu tofauti huacha mabonde, na kila bonde ni chumba cha hewa. Visawazishe kabla ya kuvibeba. Tatu, joto. Mchoro uliopoa hufanya kioo cha moto kigande kabla hakijaingia mianyani. Wanaofunika maua yaliyofanyiwa kazi kwa kichomeo huenda hatua zaidi: huweka ua ndani ya kikombe cha chuma, wakashusha kioo cha moto juu yake na kufyonza hewa kwa pampu kupitia chini. Ukitengeneza maua yenye petali nyembamba na unapata viputo hata baada ya kurekebisha mkono, pampu ndiyo hatua inayofuata. Kuongeza joto la tanuru hakutasaidia.

Viputo vidogo vingi vilivyotapakaa kote ni habari ya chunguni, wala si ya mkono wako. Kioo hakikupewa muda wa kutoa gesi. Ukishapakia, pandisha joto juu kuliko la kufanyia kazi, karibu nyuzi 1,250 ikiwa tanuru lako limejengwa kwa hilo, ulishikilie saa kadhaa, kisha ulirudishe kwenye 1,100 na kitu. Unga wa kioo uliosagwa sana hubeba hewa nyingi kuliko vipande vya ukubwa wa punje za mahindi. Maji yaliyobaki ndani ya chupa na gundi za lebo nazo huongeza gesi.

Kama povu linafurika na huelewi, uliza: je, nimechanganya chupa za kahawia na nyeupe? Kioo cha kahawia hupata rangi yake kutokana na chuma na salfa katika hali isiyo na oksijeni nyingi. Kile cheupe mara nyingi kimesafishwa kwa salfati. Vikikutana kwenye chungu kimoja huzalisha gesi ya salfa dioksidi, povu likapanda mpaka mdomoni. Tenganisha kwa rangi, hata kama kahawia unazo nyingi na zinakutia hamu.

Acha hapo: povu likikaribia mdomo wa chungu, usiongeze kioo, usichokonoe kwa fimbo. Punguza joto, fungua madirisha, toka. Salfa dioksidi inawasha mapafu, na mwenye pumu asiingie kabisa.

Dalili ya 3: Mchoro umepinda, umevutika au umezama

Mpangilio wa vijiti uliovifanya viwanda vya kioo vya Ufaransa vya Saint-Louis, Baccarat na Clichy vijulikane kati ya 1845 na 1860 ulifanywa kwa njia ambayo haijabadilika sana: vijiti vyenye picha ndani hukatwa vipande vifupi, vikasimamishwa ndani ya pete ya chuma, vikapashwa moto, kisha vikabebwa kwa kioo laini vyote pamoja. Umahiri wote uko kwenye kuvibeba bila kuvisogeza.

Mchoro ukiwa umeegemea upande mmoja, mara nyingi uliacha kuzungusha fimbo. Sekunde mbili tu za kuangalia simu zinatosha, kwani kioo cha nyuzi elfu hufuata ardhi. Kagua pia kama donge la kwanza ulilobebea lilikuwa mviringo. Kioo kilichoanza na mbavu kitamaliza na mbavu, hata uongeze tabaka tatu.

Vijiti vya pembeni vikiwa vimevutika kama mkia wa kiluwiluwi kuelekea chini, mchoro ulikuwa laini kuliko kioo kilichoufunika, au ulisukuma shingo mapema kwa koleo. Punguza muda wa kuupasha, na uache tabaka la juu lisimame kidogo kabla ya kuanza kuunda kwa upawa wa mti. Upawa uwe umelowa vizuri: mti mkavu unaungua na kuacha mistari, uliolowa huelea juu ya mvuke wake. Miti ya matunda, hasa mcheri na mpea, ndiyo inayopendwa Ulaya kwa kazi hii.

Ua likikatika mara linapoguswa na kioo, lilikuwa baridi. Lishikilie kwenye oveni au sahani ya moto karibu na joto la kupozea mpaka dakika ya kulifunika. Hapa hakuna ujanja wa mkono unaookoa.

Mwisho, kuna malalamiko ambayo si kasoro ya mchoro: “ua linaonekana dogo”. Kuba ndilo linalokuza. Kama liko bapa mno, au mchoro umekaa juu karibu na uso badala ya chini karibu na kitako, hakuna ukuzaji. Ongeza tabaka la juu na uliviringishe.

Dalili ya 4: Michirizi, madoa meusi, ngozi nyeupe

Michirizi inayofanana na sharubati iliyokorogwa ndani ya maji ni vioo viwili vya muundo tofauti visivyochanganyika, dirisha na chupa kwa mfano, au chungu kilichopakiwa juu ya masalia ya zamani. Kaa na aina moja. Kukoroga husaidia kiasi.

Madoa meusi na vigamba vya kahawia ni kutu ya fimbo yako. Fimbo ikipashwa na kupoa, ngozi yake humomonyoka na kuingia kwenye kioo unachochota. Igonge na kuisafisha kila mara kabla ya kuchota. Fimbo ya chuma cha pua hupunguza shida hii.

Ngozi nyeupe yenye mikunjo juu ya uso, ambayo haifutiki, ni kioo kilichoanza kuwa fuwele. Chupa na vioo vya madirisha huipata upesi vikikawia kwenye joto la kati, takriban nyuzi 700 hadi 900. Pita hapo haraka, uso uwe safi bila vumbi wala alama za vidole. Ikitokea, unaweza kuisaga na kung'arisha upya, lakini ikiwa iko ndani kati ya tabaka mbili hakuna dawa.

Dalili ya 5: Rangi imegeuka

Nyekundu imekuwa rangi ya maini, bluu ya shaba imefanya utando wa metali, njano imeungua. Moto wenye gesi nyingi kuliko hewa ndio mshukiwa wa kwanza. Ukiona ulimi wa njano mrefu ukitoka kwenye tundu, ongeza hewa. Mshukiwa wa pili ni muda: nyekundu na machungwa za seleni na kadimiamu hazipendi kurudishwa motoni mara nyingi. Na usisage rangi hizo bila maji. Kadimiamu na risasi haziulizi wewe ni fundi wa miaka mingapi.

Dalili ya 6: Kitako kinayumba, kina kijivu au mikwaruzo

Kuyumba hurekebishwa kwa kusaga kwenye bamba bapa na unga wa silikoni kabaidi na maji: anza na unga wa namba 120, kisha 220, 400, 600, umalizie na oksidi ya seriamu kwenye gurudumu la sufi ngumu. Kama huna mashine, kipande cha kioo kinene cha dirisha na msasa wa maji vinafanya kazi hiyo hiyo kwa jasho zaidi.

Kijivu kisichoisha maana yake uliruka hatua. Tia alama za kalamu ya wino kitakoni kabla ya kila hatua. Zikifutika zote, ndipo usonge mbele. Mkwaruzo mmoja mrefu unaojitokeza mwishoni ni punje ya 120 iliyosafiri hadi kwenye 600. Osha donge, mikono, ndoo na kucha kila unapobadilisha.

Donge likipasuka kwenye sufi, lilipata moto kwa kukosa maji. Liguse kila baada ya muda. Likikushinda kushika, umechelewa.

Acha hapo: usisage kioo kikavu, hata “kidogo tu”. Vumbi la silika linaharibu mapafu pasipo kurudi, na kitambaa cha pua cha kawaida hakilizuii. Na kwa kuwa maji na umeme viko pamoja hapa, mashine isiyo na waya wa ardhi na swichi ya kukata umeme unaovuja isiwashwe mpaka fundi umeme aione.

Kwa wenye donge mezani

*Limefifia.* Mara nyingi ni mafuta ya mikono na vumbi, au chokaa ya maji ya kisima. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kwa doa jeupe gumu paka siki kidogo, suuza. Usilifute likiwa kavu. Vumbi la barabarani lina punje za kwatzi (madini ya mchanga), ambazo ni ngumu kuliko kioo. Kitambaa safi juu ya vumbi hilo ni msasa. Na usilitie maji ya moto likitoka chumba chenye kiyoyozi, unene uleule ulioogopwa tanuruni bado upo.

Ukungu ukirudi siku chache baada ya kuosha, uso ukawa na utelezi au matone madogo, kioo chenyewe kinaumwa: kina magadi mengi na chokaa kidogo, na unyevu wa hewa unayavuta magadi nje. Pwani yenye unyevu hali hiyo huenda mbio. Karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa ikigusa uso na kugeuka bluu, ni hilo. Suuza kwa maji yaliyochujwa chumvi, kausha, liweke mahali penye unyevu wa asilimia 40 hivi. Usilifungie na vikaushio vikali, maana likikauka kupita kiasi uso hufanya wavu wa nyufa.

*Limeunguza meza au karatasi.* Kuba ni lenzi. Jua la dirishani linaweza kukusanywa kuwa nukta ya moto, na madonge ya namna hii yameshawasha moto majumbani. Pembe ya jua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo mahali palipokuwa salama Juni si lazima pawe salama Desemba. Lihamishe kwenye kivuli cha kudumu. Kuligeuza au kulisogeza sentimita chache hakutoshi.

*Lina alama ya mwezi mchanga chini ya uso.* Liligongwa. Ufa huo mdogo wa ndani hauzibiki kwa kung'arisha juu juu. Ni lazima kusaga mpaka chini yake, na kuba likipungua, ukuzaji wa mchoro nao hubadilika. Kabla ya kusaga, angalia vijiti vya mchoro. Ukikuta herufi na mwaka ndani ya kijiti, kama B pamoja na 1848 za Baccarat au SL za Saint-Louis, au hata ukishuku tu kwamba ni la karne ya 19, usimpe fundi wa mtaani alisage. Madonge hayo ni ya kioo chenye risasi, laini kuliko cha dirisha, na kila milimita inayosagwa inaondoka na sehemu ya bei. Lipige picha pande zote, lifunge kwa kitambaa laini, ulipeleke kwa mhifadhi wa vioo kwanza.